Ng'ombe Wanaotafuna Mifupa

Kabambare, kwenye shamba la ng'ombe

Kwa Yaya wangu Ramazani, mukubwa wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu weye kwanza, halafu nyumba nzima. Mugongo wa Mama unasemaje wakati huu wa mvua? Bado anagombana nao kila asubuhi kabla ya kusimama? Na shemeji yangu amejifungua salama? Na ule mupunga wa bondeni, ndege walikuachia cha kula ao walikuachia majani tu? Mimi ni muzima. Nimekonda kidogo, lakini hapa kila mutu amekonda isipokuwa ng'ombe, na habari ya barua hii ndiyo hiyo.

Yaya, umusomee Mama mupaka hapa. Umwambie mutoto wake anakula, analala, anasali. Yaliyobaki uyasome peke yako nyuma ya nyumba. Fundi wa cherehani aliyekuletea barua umupe maji ya kunywa, umuache aende zake. Ni mutu muzuri, ila ulimi wake unakwenda mbio kuliko cherehani yake.

Unajua niliandikwa kazi hapa kukata majani. Muzungu wa shamba tunamwita Bwana Kipimo, kwa sababu hakuna kitu asichokipima: maziwa, mvua, mavi ya ng'ombe, na siku moja kichwa cha mupishi wake. Mupishi alipouliza kimetoka kiasi gani, hakujibiwa, na tangu siku ile anavaa kofia. Ng'ombe wenyewe walitoka milimani, upande wa Urundi, wakaletwa ili wakubwa wa machimbo ya dhahabu wapate maziwa na nyama. Walikuja na muchungaji wao, muzee Bukuru, mutu murefu ambaye neno moja analigeuza mudomoni muda murefu kabla ya kulitoa.

Walifika wakiwa wazuri. Majani ya huku yanapita kichwa cha mutu, tukafikiri watapasuka kwa shibe. Wakakonda, na matumbo yamejaa. Manyoya yakasimama, maziwa yakakauka, ndama wakazaliwa na magoti yasiyoshika. Bwana Kipimo akatuita kwenye barza ya nyumba yake, akapanga vitu juu ya meza. Hapa mashudu ya pamba: haya yanajenga nyama. Hapa muhogo na mahindi: haya yanatia nguvu ya kutembea. Hapa mafuta ya mawese. Hapa chumvi na chokaa ya mifupa. Mwisho, glasi ya maji. Akasema munyama akikosa fungu moja, hayo mengine yote ni kazi bure, hata akila mupaka jioni. Majani ya huku, akasema, ni marefu lakini hayana kitu cha kujenga mufupa.

Akasema tena kwamba mutu naye ni vilevile. Nikatazama meza, nikakumbuka sahani zetu. Sisi tunakula fungu la pili, na maji.

Sasa sikiliza vizuri. Malisho yetu yako kando ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa pembe na watu waliofungwa shingo, enzi za babu zetu. Pale walikuwa wanalala, na aliyeshindwa kuamka aliachwa palepale. Watu wa huku hawalimi pale wala hawakati kuni. Bwana Kipimo alipouliza uwanja ule ni wa nani, kila mutu alitazama miguu yake, basi akaupata bure na akafurahi.

Siku moja muzee Bukuru akaniita. Ng'ombe mwekundu alikuwa amesimama peke yake, anatafuna kwa upande mumoja, mate yanashuka, macho nusu yamefungwa, kama muzee mwenye tumbako.

"Anatafuna nini?" nikauliza.

"Anatafuna kinachomupungukia," Bukuru akasema. "Kwetu pia wanafanya hivyo wakikosa udongo wenye chumvi. Lakini kwetu wanaokota mifupa ya ng'ombe wenzao. Hapa ng'ombe wenzao wako wapi?"

Tukamushika, nikatia mukono mudomoni, nikatoa. Yaya, nimechinja mbuzi wengi na Baba mwenyewe alinifundisha viungo vyao. Ule haukuwa mufupa wa mbuzi. Tukatazama chini tukaona udongo umechimbwa kwa kwato. Tukafukia. Kesho yake walikuwa wamefukua tena, na hawakuwa mumoja.

Kisha ng'ombe mumoja akalegea miguu, ulimi ukaning'inia, akashindwa hata kumeza maji, akafa macho wazi. Watu wa kijiji wakasema wale wa njiani wamejibu. Bwana Kipimo akasema ni sumu ya mifupa michafu: munyama anahitaji mufupa, lakini mufupa uchomwe kwanza mupaka uwe mweupe, usagwe, uchanganywe na chumvi. Sikuona uongo katika maneno yake. Ndilo jambo linalonisumbua mupaka leo: katika habari hii yote, yule muzungu hakukosea hata mara moja.

Basi ikatoka amri kupitia Sultani, mukubwa wa vijiji vya huku. Kila nyumba ilete kapu la mifupa. Anayeleta anapewa kikombe cha chumvi. Asiyeleta anafungwa, kama vile asiyeleta pamba ya lazima. Wakanitoa kwenye majani wakaniweka kwenye mizani na tanuru, kwa sababu najua kusoma namba. Kapita Tomasi, musimamizi wetu, alicheka mupaka akashika mbavu. "Muungwana wa Kasongo, na kanzu yako nyeupe! Leo unapima mifupa ya washenzi?" Nikamwambia kanzu nimeiacha nyumbani, yeye apime mwenyewe kama anaona wivu.

Sasa weye fikiri, Yaya. Nyumba ya mulimaji wa huku inakula nyama mara ngapi, mupaka ijaze kapu? Mifupa ya samaki haisogezi mizani. Mbwa wanakula mifupa ya kuku. Siku za kwanza watu walileta vichwa vya nyani, magamba ya kobe, pembe za swala zilizokuwa zinaning'inia juu ya milango ya wawindaji. Halafu vile vikaisha. Amri haikuisha, na makapu yakaanza kuja yamejaa, yana udongo mwekundu.

Kuna mujane mumoja, Mama Feza, tunanunua muhogo kwake. Alitua kapu lake mbele yangu, akatazama pembeni.

"Mama, hii ni mifupa ya nini?"

"Ya nyama."

"Nyama gani?"

"Baba, weye unapima ao unauliza? Waliokutuma walisema upime."

"Nauliza tu, Mama."

"Mutoto wangu iko mu kifungo sababu ya pamba. Unataka na miye niende nikalale naye kule? Pima."

Nikapima. Nikamupa chumvi yake. Akaishika kama mutu aliyepewa kaa la moto, akaenda.

Siku nyingine, katika kapu la mutu mwingine, nikaona taya. Meno ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa ncha, kama walivyokuwa wanachonga watu wa zamani. Nikalipeleka mwenyewe kwenye barza, nikaliweka mezani mahali palepale alipopanga mafungu yake. Nikasema kwa upole, "Bwana, nimekuja kujifunza. Mbuzi gani wa huku anachonga meno?"

Alilishika, akaligeuza. Nilifikiri sasa amri imekwisha. Alifuta miwani, akanywa kahawa yake, akasema, "Chokaa ni chokaa, Shabani. Moto unasafisha kila kitu." Kesho yake asubuhi Kapita Tomasi akatangaza kwa ngoma: kuanzia leo, vichwa visiletwe.

Vichwa tu.

Kama ile dawa ingeshindwa, Yaya, tungepumzika. Lakini imefanya kazi. Manyoya yamelala, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ndama wanaruka. Wameacha kuchimba njiani, kwa sababu sasa wanaletewa. Nikitoka na ndoo ya unga ule mweupe wanakuja mbio, wananilamba mikono mupaka kwenye kiwiko. Maziwa yanajaa ndoo. Wakubwa wa machimbo wamesifu, na Bwana Kipimo amepima na kuandika na kupima tena, uso unacheka. Alinipa kikombe kizima cha maziwa. Nikamwambia maziwa yananiumiza tumbo. Weye unajua nilivyokuwa nikilamba sufuria kwetu.

Muzee Bukuru naye aliacha kunywa. Ufahamu maana yake: mutu ambaye tangu kuzaliwa chakula chake ni maziwa, anakaa jikoni kwetu kuomba kipande cha muhogo, na meno yake hayajazoea. Kapita alimutania, "Muzee, umekuwa mulimaji?" Bukuru akasema, "Hawa sio ng'ombe zangu tena. Nikiwaita kwa majina hawageuki. Wanageukia ndoo." Asubuhi moja alipapasa mabega ya ng'ombe mumoja mumoja, akaniachia fimbo yake, akashika njia ya ziwa, ya kurudi kwao, muchana kweupe. Hakuna aliyemuzuia. Polisi waliomufuata walirudi wakasema hawakumuona, na nafikiri hawakumutafuta sana.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kundi jingine la ng'ombe linaletwa, kubwa kuliko hili, na njia ya zamani imekwisha kuchimbwa kama shamba la viazi. Amri inapelekwa upande wenu, huko Kasongo. Itatangazwa kwa Sultani wenu musimu wa mavuno ukiisha, na makapu yatapokelewa mbele ya baraza lake, pale karibu na magofu ya muji wa zamani. Yaya, pale ndipo makaburi yetu yalipo. Baba amelala pale, na udongo wake ungali laini.

Naogopa jirani zetu, wala siwaiti wabaya. Mama Feza si mubaya. Mutu atatazama kapu tupu, atakumbuka kifungo, atakumbuka watoto, kisha atachukua jembe. Hatachimba kaburi la baba yake. Atachimba la baba wa mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi, tena fanya kabla mutu hajasikia ngoma. Muchinjaji wa soko anatupa mifupa katika shimo nyuma ya kichinjio. Anza kuizoa. Akiuliza, sema unatia kwenye shamba la mboga, atakucheka na atakuachia. Ifukie chini ya jiko la nje. Usijaze kapu letu tu ukatulia. Ukifanya hivyo jirani atabaki na jembe na hofu yake, na makaburi yako karibu kuliko soko. Uwagawie wote wa upande wa magofu, hata yule aliyekuibia mupunga. Huyo umupe wa kwanza. Na ile mbuzi ya Mama iliyozeeka, uichinje. Mama atalia. Afadhali alie kwa ajili ya mbuzi.

Utauliza kwa nini nisikatae huko huko mizanini. Nikisema, "Huu si mufupa wa munyama," mwenye kapu anafungwa palepale. Nikisema, "Pita," unaingia motoni. Katikati hapana neno la tatu, nimelitafuta.

Salamu kwa Mama, ukimufikia umubusu mikono kwa niaba yangu. Salamu kwa shemeji na kwa aliyezaliwa. Kama ni wa kiume, jina la Baba likae naye. Salamu kwa shangazi Mwamini, muuza vitumbua, umwambie hapa hakuna anayejua hata harufu ya kitumbua. Salamu kwa mwalimu Asumani, mutunza makaburi. Salamu ya kwake umupelekee akiwa peke yake, na umwambie aache kulala muchana, makaburi yanataka macho.

Mama amekuwa akiomba nirudi. Umwambie dua yake imejibiwa: Bwana Kipimo amechagua mutu wa Kasongo, anayejua watu wa kule na lugha yao, akapokee makapu. Umwambie nakuja. Usimwambie kazi gani. Na siku hiyo, ukifika kwenye zamu yako, usiniite jina, tua kapu lako taratibu, kisha simama uangalie pamoja nami makapu ya wanaokufuata.

Mimi mudogo wako,
Shabani, nitakayekuwa upande wa pili wa mizani