Bomba Lililokuwa Likiimba

Jumatatu, 5 Machi 1979
Nimewasha injini alfajiri. Ikakohoa, ikakubali. Bomba la mtoni likaanza kuvuma, na mvumo ukapanda na mabomba hadi kwenye tangi kule kilimani. Hapo wanawake hubeba ndoo. Hawahitaji kuitwa.
Mume wangu Dominiko alinifundisha injini hii kabla hajaondoka na mgambo kwenda vitani. Neno lake la mwisho juu ya kazi: bomba likiimba, maji yapo. Kijiji kizima kinaamini hivyo. Hakuna kijiji kingine huku Ngara chenye bomba linaloimba. Naringa, na sijifichi.

Ijumaa, 9 Machi
Mvua tangu juzi. Mto Ruvubu umejaa, maji mekundu. Bomba linavuma kuliko siku zote. Nikilishika, meno yanatetemeka.
Mwenyekiti wa kijiji ameteremka kunipongeza. Kasema hata Dominiko hakuwahi kuliimbisha hivi. Nimepanda kilima kichwa juu, nusura nijikwae.

Jumapili, 11 Machi
Aibu.
Leo sikuwasha injini. Dizeli ni ya kubana, na Jumapili napumzika. Baada ya misa wanawake wakasikia tangi linavuma. Wakajaa na ndoo. Bombani hakuna hata tone. Wakanijia juu kwamba nimewafungia maji. Mama mkwe wangu alikuwa mbele yao.
Nimekimbia hadi mtoni. Injini ni ya baridi kama jiwe. Bomba linaimba peke yake.
Kumbe si injini. Ni mto. Mkondo ulipokuwa mdogo ulilitikisa likiwa limejaa maji tu; sasa haungoji injini. Miezi yote hii tunashangilia mto unavyolitikisa bomba letu! Nimepapasa juu, pale linaposhikwa na jukwaa la mbao lililo juu ya maji. Kuna ufa, mwembamba kama unywele.

Jumanne, 13 Machi
Nimekaa jukwaani kulitazama. Bomba limesimama wima ndani ya maji, refu, na mkondo unalipiga ubavuni. Nyuma yake maji yanajikunja, mara upande huu, mara ule. Kila yakijikunja, nalo linavutwa. Kulia, kushoto, bila kupumzika. Chuma nacho huchoka.
Nimelifunga kwa waya kwenye nguzo za jukwaa. Jioni waya umekatika. Ufa sasa ni mrefu kama kidole. Injini ilinguruma, ikavuta hewa tu.
Bomba jingine hakuna. Malori yote yako vitani. Fundi wa kuchomelea wa Rulenge naye kaenda. Hili likikatika litazama, na sisi tutarudi kunywa maji ya bwawani na ng'ombe.
Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini tulihamishwa kutoka kwenye chemchemi zetu. Mama mkwe alilia mbele ya nyumba yake iliyobomolewa. Dominiko alisimama mbele ya watu wote akaapa kwamba maji yatapanda kilimani. Yakapanda. Sitaki arudi akute kiapo chake kimezama.

Jumatano, 14 Machi
Nimeona! Ni mimi niliyeona!
Nilikwenda kivukoni kumwomba mzee Ruhuza, mwenye mtumbwi, kipande cha mnyororo. Mnyororo hana. Ana nguzo mbili za mvule majini. Moja tupu, inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Ya pili ameizungushia kamba yake ya akiba toka juu hadi chini, kama nyoka apandavyo mti, maana anaogopa wezi. Hiyo imetulia tuli.
Nikamwomba aifungue kamba. Kagoma. Nikambembeleza. Alipoifungua, nguzo ikaanza kutetemeka. Akairudisha, ikatulia.
"Mama, umelewa mchana?" kaniuliza. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja.
Kamba inayakatakata maji. Hayapati nafasi ya kujikunja kwa pamoja.

Jumamosi, 17 Machi
Juzi mkutanoni mwenyekiti alikataa tulitoe bomba tulizungushie kamba. Bomba likituponyoka wakati wa kulitoa, atamwambia nini Dominiko? Nikamjibu kwamba likibaki hivi litaondoka lenyewe. Mama mkwe akasimama. Akasema mke wa mwanawe hajawahi kusema uongo, ila kwa lile jambo la Jumapili. Wakacheka. Mwenyekiti akakubali.
Siku mbili wanawake wamesokota kamba za migomba, nene kama kifundo cha mkono. Leo tumelivuta bomba. Vijana hawapo, basi wanawake na wazee. Katikati liliteleza. Mkondo ukalikamata, nikaona limekwenda. Mama mkwe akajifunga kamba kiunoni, akakaa chini kwenye matope, akakataa kusogea. Wengine wakamshika. Likarudi.
Ufa nimeuziba kwa mpira wa tairi na vibano viwili. Kamba tatu tumezizungusha kwa kupanda, kwa nafasi, tukazifunga kwa waya. Jioni tumelirudisha majini.
Viganja vyangu havina ngozi. Sijali.

Alhamisi, 22 Machi
Usiku mto umepanda kuliko wakati wowote nikumbukao. Nimeteremka nikisali rozari. Nikalishika bomba.
Kimya. Nimeweka sikio. Kimya.
Nimewasha injini, maji yakapanda. Kisha nikangoja watu, hawakuja. Tangi likafurika, maji yakamwagika barabarani. Kila mtu nyumbani kwake anasubiri bomba liimbe! Ikabidi nipande mwenyewe kilimani nikipiga kelele kama mwendawazimu.
Ninajivunia. Naandika hapa kwa sababu nikiyasema watasema naringa. Na kweli naringa.

Jumapili, 1 Aprili
Mto unashuka. Kamba moja imeanza kuchakaa, wanawake wanasokota nyingine bila kuambiwa. Mwenyekiti ametoa rimu la lori bovu, tumelitundika karibu na tangi liwe kengele ya maji. Sasa mama mkwe ndiye mpigaji. Hataki mwingine aliguse.
Habari za Dominiko hakuna bado. Akirudi, atashuka kwanza mtoni kusikiliza bomba lake. Hatasikia kitu. Ataogopa kidogo.
Nitamwacha aogope. Kisha nitamshika mkono, niuweke kwenye kamba.