Minza na Mchele wa Magu

Shikamoo Mama,

Mwanza ni joto, na sato wa hapa nimemla mpaka nikaona haya kuongeza ugali. Lakini nataka nikusimulie ya leo asubuhi, nilipokwenda bandarini kumtazama Minza akiendesha winchi.

Meli iendayo Uganda ilikuwa inapakiwa mchele wa huko kwetu Magu. Magunia mengi yalikuwa bado nje wakati wingu jeusi lilipotokea upande wa Ukerewe. Mwenye mzigo, mama mmoja wa Kampala, akashika kichwa. "Mchele huu ukilowa, nimekwisha!" Wapagazi wakaanza kukimbilia turubai. Minza akawapazia sauti kutoka juu: "Acheni turubai! Nyie fungeni magunia kwenye ndoano, mimi nanyanyua!"

Akayashusha ndani ya meli fungu baada ya fungu, taratibu kama anayelaza mtoto. Mvua ilitupiga wakati mfuniko wa meli umekwisha kufungwa. Wapagazi walipiga makofi, na yule mama akaniuliza, "Huyu binti ni wa nani?" Nikamwambia ni mdogo wangu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mimi ndiye niliyesema winchi si kazi ya mwanamke. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake. Akacheka, akanituma chapati.

Pole na palizi, Mama. Majirani wakiuliza mpunga wao unafika wapi, waambie unavuka ziwa, na anayeupakia ni mwanao.

Akupendaye,
Masanja