Ufa wa Mstari wa Tatu

Wifi yangu,

Sisi tupo. Watoto wazima, na mdogo ameota jino la mbele, sasa anang'ata kila kitu.

Kiwandani wameleta mashine yenye kamera ya kukagua vali za majiko ya gesi, kazi niliyoifanya kwa macho yangu miaka kumi na moja. Siku ya kwanza tu iliona ufa wa kuvujisha gesi kwenye vali za mstari wa tatu wa uzalishaji, ikatuma ujumbe kwenye simu za wakubwa wote. Saa haikuisha, mstari ukasimamishwa. Meneja akaipigia makofi. Mashine, wifi!

Ufa huohuo nilimwonyesha msimamizi wetu mara nne. Kila mara alinijibu, "Mama, wewe kagua. Mitambo tuachie wenyewe."

Unauliza mbona kaka yako hapigi simu. Hawezi kuishika. Wiki moja kabla ya mashine kufika, jiko tulilonunua pale kiwandani lilimlipukia akichemsha maji ya chai. Mikono yote miwili imeungua. Daktari anasema vidole vitapona, ila si vyote.

Jana nilipokuwa nikimlisha, akaniuliza, "Ulijua?"

Nikamwambia nilimweleza msimamizi.

"Sikuulizi habari za msimamizi," akasema, akafunga mdomo, kijiko kikabaki mkononi mwangu.

Wifi, msimamizi nilimwambia mara nne. Kaka yako, ninayelala naye kitanda kimoja, sikumwambia hata mara moja.

Njoo umwone. Mimi hataki kunitazama.

Mke wa kaka yako