Kile Kitambi cha Daudi

Kaka, kile kitambi cha Daudi si kitambi. Ni maji. Ini la mwanangu limejaa makovu, sehemu kubwa haifanyi kazi tena, na daktari anasema asipopata kipande cha ini la ndugu yake huenda tukampoteza.

Nisamehe, nimeanza bila adabu. Shikamoo kaka yangu. Wifi hajambo? Na goti lake je? Mikorosho mmeshaipulizia dawa? Binti yangu Agnes anawasaidia hapo nyumbani, au bado mzito kuamka? Mie nipo hapa Boko, mzima wa kutembea tu. Nimeandika barua nikampa dereva wa basi kwa sababu wewe simu husikilizi bila kuweka spika, na hili sitaki Agnes alisikie pamoja na majirani.

Unaikumbuka ile picha ya Krismasi? Daudi kasimama mbele ya fremu yake ya kuuzia vinyago, shati limembana, na mie nikaandika nyuma: tazameni mtoto wa Newala anavyokula mjini. Mkaitundika sebuleni. Hapa mtaani nilitembea naye mpaka kwa mama muuza vitumbua, nikamuuliza kama wanawe wana tumbo la heshima kama lile. Miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba, kaka. Nikasema ni viatu vipya.

Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Daudi, ambaye Boko nzima hakuna wa kumfikia kwa tezo, alichonga mama mwenye mtungi akasahau kumwekea macho. Nilipomuuliza, alinitazama kama mgeni, akaniita kwa jina langu la ubatizo. Kesho yake akatapika damu juu ya vumbi la mpingo.

Daktari wake ni binti mdogo, ila akili anayo, na nimeshamweleza kwamba Daudi alikuwa wa kwanza darasani miaka yote. Alituchorea ini nyuma ya karatasi. Daudi, hoi vile vile, akamnyang'anya kalamu, akamwambia, "Dokta, ini lako limepinda," akalinyoosha. Tukacheka wote watatu. Kisha akatueleza kwamba ini lina uwezo wa kuota tena likikatwa, lakini la Daudi makovu yamelibana, halina pa kuotea. Anameza dawa kila siku ya kuvituliza virusi vya homa ya ini vilivyolila, chumvi kakatazwa, maji wanamtoa kwa sindano. Huenda likapata nafuu kidogo. Zaidi ya hapo hakuniahidi kitu.

Nikauliza virusi hivyo kavitoa wapi, mbona hata pombe hanywi? Wakanipima mie. Ninavyo. Nimekaa navyo miaka yote nikijisifia afya. Siku ile nilipomzaa humo chumbani kwako, nikawatangazia kwamba mkunga simhitaji, inaelekea ndiyo siku nilipomwambukiza. Kwa hiyo ini langu halifai. Nililia mpaka daktari akainuka kufunga mlango.

Wa kutoa amebaki Agnes. Apimwe kwanza, akikutwa navyo, bora tujue mapema naye atibiwe. Akiwa hana, na vipimo vyao vikipatana, anaweza kumpa kaka yake kipande, na lake likajazia pale palipokatwa. Ni upasuaji mkubwa, sikufichi, na hapa bado hatujaambiwa utafanyikia wapi. Daktari kasisitiza Agnes aamue mwenyewe, asilazimishwe hata na mie.

Lakini anayekataa ni Daudi. Jana kaniambia, "Mama, usimkate mzima kwa ajili ya aliyeharibika." Nikamweleza jinsi ini linavyoota, akageukia ukutani. Baadaye akasema neno hilo atalipokea kwa mjomba tu, tena ana kwa ana. Unajua kwetu mtoto ni wa mjomba. Wewe ulimpeleka jandoni, tezo la kwanza ulimpa wewe. Mie nimebembeleza mpaka sauti imekauka, na kila siku anazidi kuwa wa manjano.

Kaka, njoo na Agnes, umwambie Daudi akubali. Nakuomba kwa magoti, mie ambaye sijawahi kukuomba hata jembe.

Mwambie wifi nampenda, ila asimfungashie Daudi ile mizizi yake ya dawa safari hii. Daktari kasema inaweza kulimaliza hilo ini lililobaki. Msalimie mwalimu wa kwaya aliyemfundisha Daudi kuimba, aniombee. Msalimie bibi jirani. Na ile picha, naomba muiteremshe.

Nimemwambia Daudi mnakuja. Leo kaomba anyolewe ndevu.

Basi likifika Mbagala mtanikuta nimesimama, hata mkichelewa vipi. Nyumba ndogo, lakini mtalala. Daktari atawapima virusi ndugu wote wa damu siku moja, wewe, Agnes na wadogo zetu walioko huko.

Mimi dada yako, mama yake Daudi.

Siku ya daktari ni Alhamisi hii inayokuja, kaka, saa mbili asubuhi.