Baba Mwende Hakuwa Mlevi

Mpendwa Baba Mwende,

Hapa Dandora bado wanasema pombe ndiyo iliyokuua. Nimechoka kunyamaza, ndiyo maana barua hii naiandika wazi, wa kusoma asome.

Unakumbuka ulivyoileta ile hamira? Ulikuwa dereva wa chuo, na yule daktari wa mifugo uliyekuwa ukimwendesha alikupa chupa moja ukaijaribie nyumbani. Ulinieleza hata kabla hujavua viatu: imebadilishwa maabara, inakula magunzi ya mahindi ambayo hamira ya mandazi haiwezi, na nguruwe wakilishwa magunzi hayo wananenepa. Nilikucheka. Lakini bei ya chakula cha mifugo ilikuwa haishikiki, ukayabeba magunzi kwa magunia kutoka soko la Gikomba, ukayasaga, ukayalowesha kwenye mapipa katika chumba cha nyuma. Nguruwe wakanenepa kweli, nami nikakoma kucheka.

Shida ilikuwa harufu, kama ya pombe ya kienyeji. Jirani yetu Mama Otieno alikuambia, "Hiyo kitu inanuka busaa kabisa. Karao wakipita hapa tumekwisha."

Na wakapita. "Kwani nguruwe yako inakunywa busaa, mzee?" askari alikuuliza, akamwaga pipa zima uani. Wewe, mtu wa kanisa tangu utoto, pombe hujawahi hata kuionja, ulishikwa na aibu. Kesho yake ukaziba dirisha kwa magunia na matope ili harufu isitoke.

Jumamosi mchana uliingia kukoroga. Nilikuita uje ule, hukuitika. Nilikukuta umeanguka kati ya mapipa, mwiko bado mkononi.

Yule daktari wa mifugo alikuja matangani, akanieleza huku analia. Hamira ikifanya kazi hutoa hewa nzito isiyoonekana, na pakizibwa hujaa chini, mtu akakosa pumzi. Lile dirisha lingekuwa wazi ungekuwa hai. Lakini waliokubeba walinusa shati lako, na hilo likawatosha. Mchungaji akawaombea "wote waliofungwa na chupa," macho yake kwenye jeneza lako. Nina hasira naye mpaka leo.

Jana Mwende aliniuliza, "Mama, baba alikuwa anakunywa?" Nikamwambia hapana. Nikamweleza habari ya hamira na ile hewa, yote, polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

"Sawa, mama," akasema, kwa ile sauti anayoitumia akitaka nisilie.

Lala, mume wangu. Mimi najua.

Mkeo,
Mama Mwende