Kamanda, Uliyemwingiza Bibi Harusi Ukumbini

Mwaka umepita, Dada, tangu ulipotutoka, na nyumba bado haijazoea. Mtu akichelewa kurudi jioni, masikio yanategea sauti yako sebuleni: "Haya, ulikuwa wapi? Na usinizungushe."

Tulikuita Kamanda kisirisiri, nawe ulijua, ukajifanya kiziwi. Wazazi walipofariki, wewe ndiyo kwanza ulikuwa umechumbiwa. Mchumba alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Hukumsema vibaya hata siku moja. Ulipata kazi kwa dobi, ukasimama kwenye pasi mpaka miguu ikavimba, nasi tukaenda shule kola zimenyooka kuliko za watoto wa mwalimu mkuu.

Leo tunaikumbuka sana siku aliyoolewa kitinda mimba wetu, miaka thelathini na ushei iliyopita. Ndugu walikaa wakaamua kwamba Baba Mdogo ndiye atakayemwingiza bibi harusi ukumbini. Ulisema tu, "Sawa," na siku yenyewe ukaingia chumba cha nyuma ya ukumbi kumpigia pasi koti lake.

Gari likafika mlangoni pa ukumbi. Bibi harusi akagoma kushuka.

"Baba Mdogo, nakuheshimu," alisema, machozi yakimharibia poda, "lakini sishuki mpaka Dada aje."

"Unataka kutuaibisha mbele ya wakwe?"

"Basi nirudisheni nyumbani."

Hakuwahi kumjibu mkubwa hivyo maishani mwake. Wakaja kukuita. Ulitoka jasho likikutiririka, ukainama dirishani.

"We mtoto, una wazimu? Huoni nimevaa ndala?"

"Hivyo hivyo, Dada."

Ukamshika mkono. Ndala zako zikasikika pa, pa, pa sakafuni, kisha vigelegele vikapasuka. Baba Mdogo akafuata nyuma, koti amelivaa mkono mmoja tu, akicheka mwenyewe. Uso wako ulikuwa mkavu kabisa. Kitinda mimba peke yake ndiye aliyejua jinsi ulivyombana vidole.

Ulipougua hukutaka tukae kitandani kwako. "Nendeni mkale," ulituambia, na wewe mwenyewe hata uji ulikuwa haupiti kooni. Tulitoka kukuridhisha tu, tukasimama koridoni tukilia, tukarudi tukasema tumeshiba.

Siku ya kukuzika, msimamizi aliita, "Watoto wa marehemu wasogee karibu." Watu wakatazamana. Mtu akamnong'oneza kwamba hukujaliwa kuzaa.

"Tupo," alisema kaka yetu, kichwa kimejaa mvi.

Tukasogea sote watatu.

Unakumbukwa na wanao: fundi bomba, mwalimu, na kitinda mimba, na mkweo, ambaye hadi leo anakuita Mama, na Baba Mdogo, na wajukuu uliowalea, na yule mdogo aliyezaliwa baada yako, ambaye hukuwahi kumpakata.

Pumzika, Kamanda. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.