Kilio Alichokungojea Mama

Tomsk, 12 Mei 1984

Mdogo wangu Klavdia,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua kwa kukaa kutwa kwenye kreni ya bandari. Msalimie shemeji Ignat, mwambie samaki wake wa chumvi walifika salama. Nusu nimempa Bi Stepanida wa mlango wa pili, maana angewanusa hata kama ningewaficha chini ya godoro. Mimi si mgonjwa. Barafu ya mtoni imekatika, watu wanachimba bustani zao za viazi, na nimesharudi kazini.

Katika barua yako uliuliza kwa nini nimenyamaza tangu msiba. Nitakujibu, lakini niache niende polepole. Nikianzia na lile lenyewe nitaichana karatasi.

Kazi yangu unaijua: kamusi yetu ya Kirusi na Kiingereza. Septemba iliyopita mhariri wetu, Innokenti Lvovich, alinikabidhi fungu zima la maneno ya kutuliza: kupoza jino, kutia ganzi, kulainisha habari mbaya, kubembeleza mtoto. Akanitania kwamba mimi mwenye mgonjwa nyumbani nitayaokota bila hata kwenda maktaba. Sikuudhika. Saratani ilikuwa imeshaingia katika mifupa ya Mama, na kweli kadi zangu za maneno ya kamusi nilikuwa naziandikia kando ya kitanda chake. Niliona kwamba Mwingereza hupenda kuyaua maumivu, au kuyafanya butu kama kisu kilichochoka. Sisi nasi tuna butu letu, lakini tuna pia zaglushit, kukifunika kitu kisisikike, kama mtu anavyoongeza sauti ya redio ili jirani asisikie ugomvi. Nilitafuta mwenzake upande wa pili nisimpate wa kuniridhisha. Innokenti Lvovich akasema, "Basi ongeza maelezo, Rimma Savelyevna, kwamba aliyezibwa mdomo bado yumo chumbani." Nilicheka, nikaandika.

Mbele yangu Mama hakulalamika. Nilipomgeuza alifumba macho tu. Nikimuuliza kama panauma, hujibu, "Kidogo, kama mbu." Muuguzi aliyekuja kumchoma sindano alisema hajaona mgonjwa mtulivu kama huyu, nami niliichukua sifa hiyo nikaivaa kama nishani. Nilijiambia ni mkono wangu huo.

Kisha Novemba ukaja wewe kwa siku zako kumi. Uliingia na theluji kwenye viatu, ukaketi kitandani pake bila hata kuvua koti, ukasema, "Haya, bibi mkorofi, umejilaza kama malkia, nani anapika?" Mama akacheka. Klava, mimi nilikuwa nimemlisha kwa kijiko tangu majira ya baridi yaliyopita na sikuwahi kupata kicheko kimoja. Halafu ulipomgeuza alipiga ukelele. Akalitukana godoro, akamtukana daktari, akalia machozi, nawe ukamwambia, "Lia, Mama, lia. Na mimi nitukane kama nafasi imebaki." Alipomaliza akalala saa tatu nzima.

Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, na moyo uliniwaka hata nikajikata kidole. Nilikuvuta ukumbini nikakushutumu kwamba una mkono mzito, unamchokonoa mgonjwa niliyemtuliza kwa shida. Wewe ukaniuliza tu, "Dada, mara ya mwisho alilala hivi lini?" Sikujua. Nikarudi jikoni kumalizia viazi.

Wivu huu haukuanza Novemba. Ulianza siku ulipoletwa nyumbani umefungwa kwenye blanketi na Mama akaacha kunisuka nywele. Mimi nilileta alama za juu shuleni, wewe ulileta paka mwenye upele, na majirani waliitwa waje kukuona wewe na paka wako. Ulipoondoka Novemba, Mama akawa anauliza kila asubuhi, "Klava atakuja lini?" Ananiuliza huku mimi nimeshika beseni. Bi Stepanida aliyasikia hayo akaniambia mlangoni, bila kupunguza sauti, "Ndivyo Mungu anavyogawa, binti yangu. Mmoja anafua shuka, mwingine anapendwa." Nilifunga mlango taratibu, lakini sumu ilikuwa imeshaingia.

Sasa nafika penyewe.

Tarehe ishirini Februari Mama alinishika kiwiko akasema, "Mpelekee Klava telegramu. Aje sasa, asingoje likizo." Nilivaa koti, nikatoka. Nilizunguka uwanja mara mbili, nikanunua mkate, nikarudi nikamwambia imekwenda. Haikwenda. Sikuiandika hata neno. Siku ya pili aliuliza kama umejibu, nikasema bado. Siku ya tano aliuliza, nikasema labda hawajakupa ruhusa kazini. Nilijiambia: nimemwosha miezi kumi na minne, na huyu aje siku za mwisho, achekeshe, apokee baraka, arudi kwake? Nilitaka siku hizo ziwe zangu peke yangu. Niliona ni haki yangu.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa nilikuwa namfuta uso. Macho yake hayakuwa yakiona tena vizuri. Alipapasa mkono wangu akauliza, "Klava?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema ni mimi, Mama, ni Rimma, ni nani mwingine angekuwa hapa. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Nimefika."

Akauliza Rimma yuko wapi. Nikasema amekwenda kazini. Akaniambia nifunge mlango. Kisha ikamtoka sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu, akanibana vidole hata pete ikaniumiza, akalia. Kati ya kilio na kilio alikuwa akiniambia, yaani akikuambia wewe, "Rimma asisikie. Yule hawezi. Mwaka mzima nimeuma mto ili asisikie. Akiniona naumwa anakuwa mweupe kama chokaa, anakimbilia vikaratasi vyake. Nilikuwa nakungoja wewe, Klava, nipate kulia."

Nilimshika. Sikuwa na neno langu hata moja, mimi mwenye kadi mia nne, kwa hiyo nikatumia yako. Nikamwambia, "Lia, Mama, lia." Alilia kama saa nzima. Na hata wakati huo, mdogo wangu, nitakuambia ukweli wote: nilikuonea wivu. Alikuwa amelala mikononi mwangu akikushukuru wewe.

Alipotulia alisema maneno mawili, nami nayaandika kama alivyoyasema. La kwanza, "Umenichekesha tangu ulipozaliwa, na sikukuambia asante hata siku moja." La pili, "Usimwache dada yako peke yake. Watu wanadhani yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye mdogo."

Akalala. Nilikimbia posta na kandambili za ndani, kwenye theluji, nikatuma telegramu uliyoipata. Alfajiri ya tarehe moja hakuamka. Ulipofika tulikuwa tumeshazika, nikakulaki uwanja wa ndege nikakuambia hali ilibadilika ghafla, hakuna aliyetegemea. Ulinikumbatia ukanipa pole kwa kuwa nilikuwa peke yangu. Niliipokea pole ile.

Haikubadilika ghafla. Alikuita, na ungemkuta hai siku nane au zaidi, mwenye akili zake, anayeweza kucheka. Mimi ndiye niliyekunyima. Na maneno yale mawili yalikuwa mali yako. Nimekaa nayo zaidi ya miezi miwili kama mwizi anayeogopa kuvaa alichoiba.

Sikuombi unisamehe. Nikikuomba hivyo nitakuwa nataka wewe tena ndiye unitulize, na umetuliza watu wa kutosha katika nyumba hii. Ukiandika, niandikie hasira yako yote, usinilainishie hata sentensi moja. Ukinyamaza, nitajua, na sitakulaumu mbele ya mtu. Chumba cha Mama sijakigusa, na ufunguo wako bado unafungua.

Msalimie Ignat, lakini uamuzi wa kumwonyesha barua hii ni wako. Vaa kitambaa cha sufu mgongoni hata kama jua limeanza kutoka huko Murmansk, bandarini upepo haujui Mei.

Ni mimi, dada yako mkubwa kwa miaka tu,

Rimma